Mwaridi Uliobadilika Rangi

Asubuhi ya nne ya ndoa yake, Mwantum binti Abdalah alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, akaingia uani, akaitua, akachuchumaa mbele ya mafiga na kuanza kupuliza moto. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwao, Umatumbini, kila nyumba ilikaa kwenye kilima chake, na mtu alijua amefika nyumbani kwa jinsi magoti yalivyomuuma. Kibiti ilikuwa tambarare. Nyumba za udongo zilipangana kando ya barabara, zote zikitazama upande mmoja, na magoti ya mgeni hayakuwa na la kumwambia.

Mwanamke mmoja mnene kidogo akatoka ndani, mswaki mdomoni. Akamtazama, akautazama moto, akatema mate.

"Mwenzangu, unampikia nani?"

"Mume wangu."

"Mume wako ndiye Mshamu?"

"Mume wangu Miraji."

"Ah! Miraji nyumba ya pili. Nilidhani Mshamu ameongeza mke bila kuniambia, nikasema leo atanitambua."

Mwantum alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke yule, aliyeitwa Hadija, alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamtwisha ndoo yake, akamshika mkono na kumfikisha kwake. Tangu siku hiyo wakawa mashoga, na urafiki wao ulidumu miaka kumi na minane bila doa. Walizaa masika yaleyale. Walilima mashamba yaliyopakana kule Mahege. Jioni walikaa pamoja kusuka ukili, ile mistari mirefu ya ukindu inayoshonwa kuwa mkeka, na mgawanyo wao ulikuwa uleule: Hadija alisuka wa rangi, kwa sababu alizaliwa huku na alijua kuchemsha rangi, Mwantum alisuka mweupe, kwa sababu mkono wake ulinyooka. Hakukuwa na mkeka katika nyumba zile mbili ambao ulikuwa wa mmoja wao peke yake.

Baina ya nyumba zao kulikuwa na jaa dogo. Hapo walitupa maganda, majivu, na vijiti vya muhogo vilivyobaki baada ya kupanda. Pale Kibiti vijiti vya muhogo haviuzwi, wala mtu hanyimwi. Kijiti kikishatupwa si cha mtu tena. Anayepita akikipenda hukiokota, na adabu yake ni moja tu, kupaza sauti: "Nimechukua kijiti!" Aliye ndani hujibu, "Chukua tu!" bila hata kuinua macho kutazama ni nani na kachukua kipi.

Mwaka tisini na tano Miraji alikuwa amepata kazi mpya. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, na ghala alilokuwa akilinda limebaki makao ya popo. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kuingia na malori yao, na mmoja wao akamchukua Miraji kuwa msimamizi wa kupakia. Akawa anakwenda Dar es Salaam na kurudi, na kila safari alirudi na kitu ambacho zamani hakikuonekana: sabuni yenye harufu ya tufaha, viatu vya mitumba vya mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, redio ndogo isiyoshika ila stesheni moja. Safari moja alirudi amekumbatia kiriba cheusi cha plastiki chenye mche mfupi wa miiba.

"Mwaridi," alisema. "Mtunza bustani wa tajiri amenipa. Waridi la kizungu hili, linatoka rangi mbili katika ua moja."

"Rangi mbili vipi?"

"Sijui. Nimeambiwa hivyo. Na nimepewa mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, liwe juani. La pili, lisikose maji." Miraji akakuna kichwa. "La tatu limenitoka."

"Litakuwa la maana?"

"Lingekuwa la maana ningelisahau?"

Mwantum aliupanda mche ule nyuma ya nyumba, karibu na kiambaza cha bafu, mahali maji ya kuogea yalipotokea. Aliuzungushia uzio wa fito kuuepusha na mbuzi. Kilikuwa kiwanja kisichozidi upana wa mkeka, lakini kwa kuwa hakuwahi kuwa na kitu alichokilima si cha kula wala cha kuuza, aliona haya kidogo kukiita bustani, na aliona furaha kidogo pia.

Ua la kwanza lilifunuka baada ya miezi mitatu. Lilikuwa kubwa kama ngumi ya mtoto, njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji, na kila ukingo wa petali ulikuwa mwekundu kama uliochovywa. Mwantum alilitazama akiwa na kata ya maji mkononi, maji yakamwagika mguuni asijue.

"Shoga!" aliita. "Shoga, njoo!"

Hadija alikuja akifunga khanga, akainama, akaugusa ukingo wa petali kwa ncha ya kidole.

"Hili limevaa pindo," alisema mwishowe. "Doti kamili, mji na pindo lake. Shoga, hili unalinywesha nini?"

"Maji ya kuogea."

"Basi kuanzia leo Miraji aoge mara tatu."

Mama mkwe wake Mwantum, Bi Sikujua, ambaye aliishi nao na alikuwa na maelezo ya kila jambo, alisema ni sabuni ya tufaha iliyolitia wekundu. Watu walikuja kuangalia. Mwantum aliyeingia nyumba isiyo yake sasa akawa mwenye nyumba inayoulizwa njiani.

Kiangazi kikaja na visima vikashuka. Majani ya mwaridi yakatoka madoa meusi, yakapukutika, na shina la juu likawa la kahawia kwenye ncha. Mwantum aliongeza maji. Kisha akaona jambo lililompa moyo: chini kabisa, karibu na udongo, zimechomoza chipukizi tatu nene, za kijani, zenye haraka ya ajabu. Kila wiki zilipanda shibiri. Juu pananyauka, chini panachipua. Jambo hilo Mwantum alikuwa akiliona tangu utoto katika muhogo, na dawa yake ni moja. Unakata pale juu palipochoka, unaachia nguvu ya chini ipande. Akachukua panga, akakata shina la zamani mpaka likabaki kisiki cha urefu wa kidole, akajaza udongo juu yake, na vijiti vyenye miiba akavitupa jaani.

Alikuwa jikoni siku hiyo hiyo aliposikia sauti nje: "Nimechukua kijiti!"

"Chukua tu!" akajibu, mkono ukiwa kwenye ugali.

Masika ya mwaka uliofuata mwaridi ulikuwa umefika kimo cha mtu. Mwantum alijisifu kwa kila aliyetaka kusikia. Na kwa wakati huo alikuwa na sababu ya kujisifu, maana binti yake Muzdalifa alikuwa amechumbiwa na kijana wa Chumbi, na ndoa ilipangwa kabla ya Ramadhani. Mkeka wa bibi harusi ulikuwa umekwisha kuanzwa. Mwantum alikuwa na ukili mweupe umejaa kapu, Hadija alikuwa na wa rangi, na walikubaliana kwamba huu utakuwa mkeka wa mwisho mkubwa kabla macho yao hayajaanza kuwasumbua.

Shangazi wa bwana harusi, Bi Ashura, alikuja na wenzake wawili kuzungumzia mambo ya ndoa. Habari ya waridi ilikuwa imewatangulia.

"Kwanza tuoneshe ua," alisema Bi Ashura. "Maneno ya mahari hayanyauki."

Mwaridi ulikuwa na matumba siku hizo. Mwantum hakuwa ameutazama kwa siku kadhaa. Aliwatangulia uani kwa mwendo wa mtu mwenye kitu, akasukuma uzio, na akasimama.

Mwaridi ulikuwa umechanua. Ulikuwa umechanua kila tawi, vishada kwa vishada, maua madogo kama vifungo vya shati, petali tano tano, meupe.

"Ni haya?" aliuliza Bi Ashura.

"Ni... ndiyo. Hapana. Yalikuwa mengine."

"Mazuri," alisema mgeni wa pili kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Mwantum kuliko dharau.

Alirudi ndani nao, akawapa chai, na baadaye hakukumbuka walichozungumza. Alikuwa akijiuliza kama kweli alipata kuliona lile ua. Alikuwa hajatulia bado wageni walipoaga, wakapitia njia ya nyuma, na Bi Ashura akarudi mbio hatua chache, anahema.

"Mama Muzdalifa! Ua lako nimeliona! Lipo kwa jirani."

Lilikuwa pale kweli. Nyuma ya nyumba ya Hadija, ndani ya debe bovu, ulisimama mche mfupi wenye ua moja, kubwa kama ngumi ya mtoto, njano, ukingo mwekundu.

Mwantum alilitazama, na kwa mara ya pili katika maisha yake alihisi ameingia uani kusikokuwa kwake.

"Hadija."

Hadija akatoka, mikono imejaa rangi ya ukindu. "Ah, umeliona! Nilikuwa nakuficha; nilitaka limalizike kufunuka ndipo nikuite. Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka. Mwaridi wangu umeutoa wapi?"

"Jaani. Nilikuambia siku ile, ukasema chukua."

"Nilikuwa nasonga ugali. Nilijua muhogo."

"Muhogo, waridi, kijiti ni kijiti. Umekitupa, nimeokota."

"Nilivyovitupa vilikuwa vimekufa, Hadija. Vilivyokufa vinatoa maua, na niliouacha hai unatoa vifungo vya shati? Nieleze, maana mimi sielewi."

"Na mimi nielewe nini? Nimekichomeka, kimeota."

"Chako kimeota kikawa kile changu, na changu kikawa nini? Umenibadilishia."

Hapo uso wa Hadija ukafunga. Aliifuta mikono yake kwenye khanga taratibu, kidole kwa kidole.

"Unaniona mimi mwizi, Mama Muzdalifa?"

Miaka kumi na minane alikuwa akimwita shoga. Mwantum alilisikia jina lile rasmi likianguka baina yao, akataka kusema hapana. Lakini wageni walikuwa wamesimama nyuma yake, na ua lilikuwa mbele yake.

"Sijui nikuone nani," alisema.

"Basi ukinijua utaniambia." Hadija akaingia ndani. Ukili wa rangi aliingia nao.

Tangu siku ile Mwantum hakuwa na raha. Kama angekuwa na hakika kwamba ameibiwa, angekasirika na hasira ingemtosha. Lakini kila alipojaribu kuitengeneza hakika hiyo ilimponyoka. Aliuchunguza uzio: fito zilikuwa zile zile, zimeshikwa na mizizi ya majani. Aliuvuta mwaridi: ulishika ardhi kama mti wa siku nyingi. Mwaridi wa kimo cha mtu haung'olewi na kupachikwa mwingine mtu akiwa kisimani. Basi Hadija si mwizi. Lakini kama Hadija si mwizi, ua la rangi mbili lilifikaje kwenye debe lake, na haya meupe yalitoka wapi? Alipofika hapo alianza upya.

"Ni sabuni," alisema Bi Sikujua. "Miraji ameacha kuleta ile ya tufaha. Hii ya mche haina rangi."

"Mama, na ule wa Hadija unanyweshwa sabuni gani?"

Bi Sikujua akafikiri. "Hilo ni jicho la watu," akasema, na kuendelea kuchambua mchele.

Miraji naye hakusaidia. Alizunguka mwaridi mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua lori. "Labda umezeeka," alisema. "Watu wakizeeka si wanakuwa weupe kichwani?"

"Lile jambo la tatu, Miraji. Lilikuwa nini?"

"Lilianza na... Lilikuwa kama la kukataza. Usi-kitu-fulani." Akatazama juu kana kwamba limeandikwa kwenye makuti. "Limekwenda."

Miezi ikapita. Kapu la ukili mweupe lilikaa pembeni mwa kitanda, na kila jioni Mwantum alisuka peke yake, akazidi kurefusha kitu kisichoweza kuwa mkeka. Wanawake wengine wa mtaani walijitolea kumchemshia rangi. Alisema asante, atawaambia, hakuwaambia. Muzdalifa aliuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama ataolewa bila mkeka wa mama zake wawili. Mwantum alijifanya hajasikia. Njiani kwenda Mahege walipishana na Hadija wakasalimiana, "Asalaam aleikum," "Waaleikum salaam," salamu kamili kabisa, kama za watu waliokutana hospitali Utete.

Mwezi wa kumi na moja, bwana shamba mmoja, Huseni, alikuja kwa pikipiki na kuwaita wakulima kwenye lile ghala la zamani la ushirika. Alileta miche ya mikorosho ya namna mpya, ya kubebesha. Mwantum alienda kwa sababu Miraji alikuwa safarini na mikorosho yao imezeeka. Alikaa nyuma. Hadija alikaa mbele.

Huseni aliinua mche mmoja, akaonesha mahali ulipofungwa utepe wa plastiki. "Hapa chini ni mkorosho wa kawaida, wenye mizizi ya nguvu. Hapa juu nimepachika kikonyo cha mkorosho mwingine, mzazi mzuri. Miguu ya huyu, kichwa cha yule. Vinashikana, vinakuwa mti mmoja."

"Mti mmoja wenye wenyewe wawili?" aliuliza mzee mmoja, na watu wakacheka.

"Ndiyo. Kwa hiyo sikilizeni. Chipukizi lolote likitoka chini ya utepe huu, livunje. Litakuwa nene, litakuwa na haraka, utalipenda. Livunje! Hilo si la mti ulioupanda, ni la miguu. Ukiliacha litanyonya chakula chote, juu patakauka, na utabaki na mti ambao hukuutaka."

Mwantum alisimama bila kujua anasimama.

"Na ukikata juu?"

"Mama, nani atakata juu?"

"Mtu. Aliyezoea muhogo."

"Atakuwa amekata mti wake na kulea wa watu," alisema Huseni. "Lakini kile alichokikata, akikichomeka ardhini kikaota, huo ndio mti wake halisi."

Kule mbele shingo ya Hadija haikugeuka, ila ilinyooka.

Mwantum alikwenda nyumbani moja kwa moja, akapiga magoti kwenye bustani yake na kufukua udongo kwa mikono. Miiba ilimchana na hakujali. Akakuta kisiki alichokifukia, kimekufa, cheusi. Chini yake kulikuwa na nundu kama goti. Na chini ya nundu, kutoka kwenye miguu, ndipo zilipotoka zile chipukizi tatu zilizomfanya ajisifu masika mazima. Alilishika lile goti kwa muda mrefu. Alielewa, na bado hakuelewa. Mti mmoja ulikuwa umekaa ndani ya mwingine nyuma ya bafu lake, ukanywa maji yake, na hakuna aliyemwambia.

Miraji aliporudi kutoka safari jioni hiyo alimkuta bado ana udongo kwenye kucha, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga paji lake kwa kiganja.

"Hilo hilo! 'Usiache machipukizi ya chini.' Ndilo la tatu!"

"Alhamdulillah," alisema Mwantum. "Limerudi salama."

Kesho yake alichukua kapu la ukili mweupe na kwenda nyumba ya pili. Njia ilikuwa ya hatua thelathini. Alimkuta Hadija amekaa uani, kapu la ukili wa rangi liko kando yake. Mwantum aliona kwamba ukili ule nao ulikuwa umeendelea kusukwa, mrefu kupita kiasi.

"Hodi."

"Mlango uko wazi, Mama Muzdalifa."

Mwantum hakukaa. "Nimekuja kusema nilikukosea. Ulikuwa umeokota. Mimi ndiye niliyetupa."

"Bwana shamba alisema. Nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Hakusema kwa kinywa changu."

Hadija alikunja ukindu mara mbili, tatu. "Asingekuja na pikipiki yake, ningekuwa mwizi mpaka lini?"

"Sijui," alisema Mwantum, na ulikuwa ukweli. "Sikuweza kuamini kwamba umeiba, na sikuweza kuamini kwamba hukuiba. Nilikuwa kama siku ile nilipoingia humu na ndoo."

"Siku ile angalau uliniwashia moto."

Mwantum hakujua kama acheke. Hadija akamnyooshea mkono, si kumshika bali kupokea kapu. Akavuta ukili mweupe, akaupima kwa dhiraa, akautazama kwenye mwanga.

"Huu umepinda. Umesuka na hasira."

"Nimesuka na mawazo."

"Umepinda vilevile. Kaa, tutashona hivyo hivyo. Muzdalifa akilala upande wa kushoto atajua mama yake alikuwa na kisirani."

Walishona mpaka jua likageuka. Mazungumzo yalikuwa machache na yalikwama mara nyingi. Zipo sehemu walizikwepa, na Mwantum alijua zitabaki zikikwepwa kwa muda. Alipoinuka kuaga, macho yake yalikwenda yenyewe kwenye debe. Mwaridi ulikuwa na maua mawili sasa. Hakuomba. Alijua hana uso wa kuomba.

Hadija akaliona lile jicho. Akainuka, akachukua kisu, akakata tawi moja lililokomaa, lenye macho manne ya kuchipua. Mwantum akanyoosha mkono.

"Sikupi," alisema Hadija. Akatembea mpaka jaani na kulitupa juu ya maganda ya muhogo. Akarudi, akampita bila kumtazama, akaingia ndani.

Mwantum alisimama baina ya nyumba mbili zinazotazama upande mmoja. Kisha akainama, akaokota, miiba ikamchoma palepale ilipomchoma jana.

"Nimechukua kijiti!" alipaza sauti.

Sauti ya Hadija ikamjibu kutoka ndani:

"Chukua tu, shoga."